Mkanda wa Kukimbilia

Fulana ilikuwa imegandamana na mgongo wa Constant. Mathilde aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaibandua polepole. Chini yake damu ilianza kutoka upya.

"Uvumilie kidogo, papa Abigaël."

Constant aliuma meno. Ngozi ilikuwa imechubuka pale bastola ilipokuwa ikimgonga kiunoni kila alipokanyaga. Kabla ya hapo alijaribu kuitia mfukoni. Suruali ya mazoezi ikamshuka mbele ya mabibi waliokuwa wakitembeza mbwa, akarudi nyumbani ameishikilia kwa mikono miwili. Alipoifunga bastola kwenye kifundo cha mguu, ilimfanya achechemee.

"Acha basi kukimbia," Mathilde alisema.

"Docteur alisema nikiacha, moyo utaniua."

"Na ukikimbia bila iyo chuma?"

"Yule muntu ataniua."

Mtu huyo alianza kupiga simu majani yalipoanza kupukutika. Hakudai chochote. Alitamka jina moja tu, "Commandant Radi," akahema mara mbili tatu, kisha akakata. Baadaye Constant akaanza kumwona kijana mwenye kofia nyeusi: kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, kisha mbele ya kanisa lao, kisha kwenye kituo cha basi, hapahapa mtaani kwao Ganshoren, akitazama dirisha lao. Ndipo Constant alipokwenda mtaa wa Saint-Gilles kumwona mtu asiyeuliza maswali, akarudi na bastola ndani ya mfuko wa mkate.

"Na uyo Radi njo nani?" Mathilde alimuuliza.

"Sijue. Wananifananisha. Mie muntu wa Lubumbashi, Kivu sijakanyaga hata siku moja."

Mathilde, ambaye alizaliwa Kivu, alimtazama kidogo. "Bon," alisema.

Jioni hiyohiyo aliketi kwenye cherehani. Alichukua mkanda mpana wa mpira aliojifunga tumboni baada ya kumzaa Abigaël, akaushonea pamba laini upande wa ndani ili jasho lisichome. Ubavuni alishona mfuko, akauinamisha kidogo ili mkono uufikie bila kuhangaika. Alimpima mumewe akiwa na pini mdomoni, akamfunga, akamrusharusha jikoni kama anayejifunza kucheza.

"Ruka tena."

Constant aliruka. Bastola haikutikisika. Alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu simu zianze, akambusu mkewe shingoni.

"Chérie, hata siisikie!"

"Njo vile inapashwa kuwa."

Tangu siku hiyo kila asubuhi Mathilde alimfunga mkanda mwenyewe, akaiweka bastola mahali pake, akampandishia zipu ya koti hadi kidevuni.

Jumamosi ukungu ulifunika bustani ya kinamasi alikozoea kukimbia. Constant alikimbia vizuri, pumzi ikimtii, njia yote ikiwa tupu. Alikuwa amekwisha kusahau kwamba amebeba kitu aliposikia miguu nyuma yake. Akaongeza mwendo. Nayo ikaongeza.

Kwenye daraja la mbao alipigwa kikumbo mgongoni, akaanguka kifudifudi. Jino likavunjika. Alipojigeuza alikiona kisu, na nyuma ya kisu ile kofia nyeusi. Alimpiga kijana teke la goti, kisha akainua mkono kujikinga, na kisu kikapita kiganjani hadi upande wa pili. Constant akapiga ukelele. Kwa mkono uliobaki aliipangusa ile kofia, akamshika kijana nywele, akakigonga kichwa chake kwenye ukingo wa daraja, akakigonga tena, mpaka nyusi ikapasuka. Wakabiringika pamoja. Sikio la kijana lilipomfikia mdomoni, Constant aliling'ata kwa nguvu zake zote.

Kijana alimwachia. Constant alitambaa kinyumenyume huku akiburuta mkono uliotobolewa, akashusha zipu, na bastola ikatoka ubavuni bila kukwama popote.

"Usisogee! Nitakuua!"

Kijana alisimama, damu ikimjaa jicho moja. Akapiga hatua mbele.

"Commandant Radi."

"Radi alikufa!" Constant alifoka, na mate yenye damu yakamtoka. "Ilikuwa vita! Kila muntu kule alikuwa na silaha!"

"Maman yetu alikuwa anashika mutoto," kijana alisema. "Uliwapiga wote wawili kwa risasi moja."

Constant alivuta kifyatuo.

Bastola ililia kavu, haina risasi. Akavuta tena, na tena. Kijana hakukwepa wala hakufumba macho. Alikuwa akitazama kitu nyuma ya Constant.

Mbao za daraja zililia. Constant aligeuza shingo, akamwona Mathilde akija ndani ya ukungu, amevaa koti la mvua, kichwa wazi.

"Mathilde, kimbia!" alipiga kelele. "Rudi! Yuko na kisu! Ita polisi!"

Mathilde hakukimbia. Alimpita mumewe pale chini, akamfikia kijana, akavua kitambaa chake cha shingoni na kumfuta damu usoni taratibu.

"Amekuumiza sana, Hénock?"

"Apana, yaya," mdogo wake alijibu.

"Basi lete kisu," alisema. "Mie njo mukubwa."