Istikhara ya Hafswa

Hafswa alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya Bi Jaha, bisibisi mkononi, alipotaja kilichomleta.

"Nakuomba unitazamie istikhara, Bi Jaha. Mama hajui kama nimekuja."

Jaha nusura acheke. Nusu ya Malindi ilimletea njia panda zake: huyu aolewe au asiolewe, yule asafiri au akae. Naye husali, hulala, kisha huwapa jibu kama lilivyomjia ndotoni. Lakini binti ya Sumeiya hakumtarajia kizingitini pake.

Zamani yeye na Sumeiya walikuwa chanda na pete. Jaha alipojifungua, Sumeiya ndiye aliyekuja kumpikia uji wa arobaini. Arobaini ilipokwisha, mtoto alikuwa kaburini na mume, Aboud, alikuwa kwa Sumeiya. Jaha hakupigana wala hakutukana. Alingoja tu, na chuki haikumpungua hata chembe. Sumeiya naye, kwa kujua alilolitenda, hakuthubutu tena kuonja hata maji ya nyumba ile.

"Haya, nambie, ni mambo gani?"

"Nimepata nafasi Nairobi, shahada ya uzamili katika masomo ya maendeleo. Na nimepata mafunzo ya ufundi, mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Nikishika moja, nyingine imekwenda."

Friji ikaacha kunguruma. Msichana akajifuta mikono huku akicheka, na kicheko kilikuwa cha Aboud.

"Njoo kesho," alisema Jaha. Hatimaye mkono wake ulikuwa umeifikia nyumba ya Sumeiya.

Kesho yake alimkalisha kitako.

"Shahada nimeiona imegubikwa na weusi. Ufundi nimeuona kwenye kijani kibichi. Shika ufundi, mwanangu. Na mamako usimfiche. Mwambie ni Jaha aliyekutazamia."

Hafswa akambusu mkono. Jaha hakuweza kumtazama machoni.

Haikupita wiki, msichana akarudi kuaga, macho yamemvimba.

"Nakwenda Nairobi, Bi Jaha. Ile nafasi ya ufundi nimeiachilia, amepewa mwingine. Mama ameniapisha kwa msahafu. Asema kwa aliyokutenda, huwezi kunitakia kheri. Neno lako nilifanye kinyume, ndiyo salama yangu. Nisamehe."

"Mamako anijua," alisema Jaha. "Nenda salama."

Alifunga mlango, akakaa jikoni karibu na friji iliyotulia. Alimhurumia msichana, kidogo, lakini furaha ilimzidi. Istikhara ile aliitoa kama alivyoiota, bila kuongeza wala kupunguza neno, na kazi iliyobaki akamwachia Sumeiya.