Anza na Shukrani

Dada wa marehemu hakukaa. Aliweka daftari mezani, mbele ya darasa zima la barua pepe za kiofisi. "Mwalimu, bosi anasema hakuonywa. Nitafutie humu barua ya mdogo wangu."

Mwalimu aliipata upesi, maana ilijaa wino wake mwenyewe mwekundu. Binti alikuwa ameileta isahihishwe, wiki moja kabla kiwanda cha magodoro alikofanya kazi hakijaungua naye ndani. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga aliandika: mlango wa nyuma mmeufunga kwa kufuli, mapipa ya gundi yanavuja, njooni leo.

Mwalimu alikuwa ameukata mstari huo. "Ukali huu wa nini? Heshima si utumwa. Anza na shukrani." Neno "leo" aliligeuza kuwa "mkipata nafasi". Habari ya kufuli aliisukuma mwisho kabisa, baada ya pongezi kwa uongozi. Kisha akampa tisa juu ya kumi: "Sasa itume."

"Alionya, hakuonya?" dada aliuliza. "Mimi Kiingereza kinanipiga chenga."

"Alionya," mwalimu alisema, kiganja kikiifunika ile tisa.

"Basi nisomee, kama alivyoituma."

Mwalimu alianza na shukrani.