Futa Ulichoandika?

Wiki moja baada ya mazishi, binti alichukua simu ya marehemu baba yake ili awashukuru waliokuja kuzika. Alikuwa fundi cherehani, lakini siku hiyo hata uzi asingeweza kuutunga sindanoni. Mikono ilimtetemeka.

Hajamaliza sentensi, simu ikamuuliza: "Futa ulichoandika?" Kidole kikaangukia "Ndiyo." Maneno yote yakapotea.

"Shangazi, mbona simu hii inafuta yenyewe?"

Shangazi alikuwa kitandani akikunja mashati ya kaka yake. "Ndivyo inavyofanya ukiitikisa. Fundi simu katwambia juzi tu. Baba yako alidhani ina shetani. Kutwa yuko pale dirishani, na ule ugonjwa wake wa kutetemeka, anafoka: 'Imenimeza tena maneno yangu!' Nasi tukimcheka, tukisema uzee."

Miaka miwili binti na baba walikuwa wamenuniana. Mara ngapi aliona kwenye simu yake kwamba baba anaandika, kisha kimya! Akajiambia mzee ana kiburi, hata salamu inamshinda.

Akafungua ukurasa wa mazungumzo yao. Chini, mahali pa kuandikia, palikuwa na maneno matatu yasiyotumwa: "Mwanangu, mimi ndiye".

Simu ikatikisika mkononi mwake. Lile swali likatokea tena, likayafunika maneno, na kidole chake kilikuwa papo hapo juu ya kioo, hakitulii.

"Shangazi," alinong'ona, "nishike mkono. Nishike kwa nguvu."