Sindano ya Langoni

Katika makazi mapya, kila mkimbizi alichomwa sindano langoni iliyomfutia lugha ya kabila lake na kumwachia Kiswahili tu, ili asiwepo tena mtu wa kutambuliwa kwa matamshi yake na kuuawa. Kavira alishukuru. Tangu afike hapo, alikuwa akipata usingizi.

Kisha mama yake akapatikana hai, akaletwa.

"Huyu hatumchomi," muuguzi alimwambia Kavira. "Kiswahili hajui. Tukimfutia lugha yake atabaki bubu."

Nyumbani, Kavira alimkalisha jikoni, akamwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama hakugusa chakula. Alimshika binti yake mkono, akasema maneno yale yale tena na tena, na kati ya hayo Kavira alitambua moja tu: Muhindo. Ndilo jina la mtoto wa Kavira mwenyewe, aliyemponyoka mkononi siku walipokimbia risasi.

"Yuko hai, mama? Umemwona?"

Mama alimtazama asielewe. Kavira akatoka mbio kwa majirani, wote watu wa kwao, akawaigizia zile sauti kadiri alivyoweza. Waliinamisha vichwa. Hakuna aliyekumbuka lolote.

Aliporudi, mama alisema yale yale, safari hii kama anayeuliza, akimtaja Muhindo na kumnyooshea Kavira kidole, huku akilia. Kavira, akitaka tu kumtuliza, akaitikia kwa kichwa.

Mama aliuachia mkono wake. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akamtazama binti yake kwa woga, kama anavyotazamwa muuaji aliyesimama mlangoni.