Shubiri Moja na Nusu

Jumatatu, tarehe tisa, umeme ulikatika mji mzima, pampu ya maji ikazima, na tumbawe laini aliloliacha marehemu Bi Ruzuna likaanza kubabuka ndani ya tangi la kioo. Mumewe, Mzee Shamte, alijua pa kupeleka lawama.

"Watu wa umeme hao! Wakubwa wana majenereta yao, sisi na vyetu tufe!"

Mwanakheri, mdogo wa marehemu, aliinamia kioo. Ubavuni mwa lile tumbawe, pale palipobabuka, yakiwa yamegusana kabisa, lilikaa tumbawe gumu alilolinunua Shamte juzi, lenye minyiri mirefu kama ya pweza.

"Shemeji, mbona umeyabananisha?"

"Nyumbani kwangu wageni hukaa bega kwa bega."

"Haya si wageni, ni wake wenza! Hili jipya linawasha kama upupu. Kila moja lipe chumba chake, ama utamzika dada yangu mara ya pili."

Shamte alipandisha mkono wa kanzu, akaliinua lile gumu kama abebaye yai, akalihamisha. Kati ya hayo mawili akapima shubiri moja na nusu.

Siku zilipita, tumbawe laini likachanua tena. Shamte akaita majirani.

"Njooni muone! Wakubwa wameshindwa kupanga mji, mimi nimepanga bahari sebuleni!"

Majirani walicheka, wakasifu. Shamte alikuwa akifuta kioo kilichokwisha kung'aa, kidevu juu, Mwanakheri alipouliza:

"Sasa shemeji, kama kosa ni la umeme, mbona liliungua upande mmoja tu, ule uliogusana na mwenzake?"