Asilimia Mbili

Kwa mara ya tatu Unaisi aliipitisha ile kazi kwenye mfumo wa kukagua wizi wa maandishi, na kwa mara ya tatu mfumo ukamrudishia jibu lile lile: asilimia mbili. Hata hizo mbili zilikuwa ni swali alilolitunga yeye mwenyewe, ambalo mwanafunzi alilinakili juu ya ukurasa kabla ya kuanza kujibu.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti.

Shailesh, mwalimu mwenzake aliyekuwa akisahihisha kwenye meza ya pili, aliinua macho. "Dada, mbona unaing'ang'ania? Hiyo kazi ni safi. Mpe mtoto alama zake twende tukale."

"Huu mfumo hukosea?"

"Hukosea kwa kuwaonea watu. Kusamehe, hausamehe."

Mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi. Unaisi aliisoma tena kazi ile. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wameambiwa wamweleze mtu mmoja wa nyumbani kwao. Ateca wa Labasa, mji wa kisiwa kingine ng'ambo ya bahari, aliyekuwa akisoma kwa mtandao na ambaye Unaisi hajapata kuonana naye, alimweleza baba yake. Baba mwenye kovu la kidevuni, alikopigwa teke na farasi. Baba anayeimba nyimbo za kanisani akioga, na kuukosea ubeti wa pili kila siku. "Kazi humchukua mbali nasi," aliandika Ateca, "na siku anayoondoka, mama hakitandiki kitanda mpaka jioni."

Unaisi alichukua simu yake, akalitafuta jina, akalitazama, kisha akairudisha simu mezani kifudifudi. Tangu jana alikuwa akifanya hivyo.

"Hii imetoka kitabuni," alisema. "Mtoto wa mwaka wa kwanza haandiki hivi."

"Kitabu gani?"

"Sijui. Kitabu chochote."

Shailesh alimkodolea macho. Katika idara nzima, Unaisi ndiye aliyekuwa akiwatetea wanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu, mpaka wenzake wakamtania kuwa ni wakili wa wezi. "Huyu amekukosea nini?"

Unaisi aliigeukia kompyuta yake. Alikwisha kumwandikia Ateca kwamba anatuhumiwa kuiba maandishi, na kwamba ajitokeze kwenye video mara moja.

Msichana alitokea. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa mbao na kalenda ya duka. Macho yalikuwa mekundu tayari.

"Bula, madam."

"Ateca, uliitoa wapi hii kazi?"

"Kichwani mwangu, madam."

"Nisikilize vizuri. Ukikiri kwamba uliinakili, sitakupeleka kwenye kamati. Utaandika nyingine, yataisha hapa hapa. Nakuapia."

"Nikikiri nitakuwa nimesema uongo, madam. Na nikishaandikwa mwizi, ufadhili wangu ndio umekwenda. Mama anakaa sokoni kutwa nzima anauza majani ya magimbi ili mimi nisome. Nitamwambia nini?"

"Basi sema umeibuni! Sema mtu huyu hayupo!"

Sauti ya Unaisi ilipasuka. Shailesh aliweka kalamu chini.

"Lakini yupo, madam." Msichana alikuwa analia waziwazi sasa. "Kwa nini asiwepo?"

"Tafadhali," alisema Unaisi. Miaka yote ya kufundisha hajapata kumwomba mwanafunzi kitu. "Tafadhali, mwanangu. Umesoma mahali. Umesimuliwa na mtu. Hata rafiki yako akiwa ndiye mwenye baba kama huyu, sema tu, nitakuelewa."

Ateca alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alijifuta pua kwa kiganja, halafu ukamjia ukali ambao hata yeye pengine hakuutarajia.

"Madam, umeniita mwizi, nimenyamaza. Sasa unataka kuninyang'anya na baba?" Aligeuka nyuma akapaza sauti. "Baba! Njoo hapa! Njoo umwambie madam kwamba upo!"

Mkono wa Unaisi ulikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Ulifika, ukabaki pale pale juu yake.

"Nani anamliza binti yangu?" Sauti nzito ya kiume ilitangulia, yenye mzaha ndani yake. "Madam gani huyo hajui kusoma? Sogea, nimfundishe."

Kiti kiliburutwa. Mkono mpana ulitua begani kwa Ateca, na mwanamume mwenye taulo shingoni akainama mbele ya kioo huku akicheka.

Kicheko kilimfia mdomoni.

Ateca alimwangalia baba yake, akamwangalia mwalimu, akarudi tena kwa baba yake.

"Baba? Mnajuana?"

Unaisi alivuta pumzi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Alama zako ni halali, Ateca. Umeandika vizuri sana. Hujakosea hata neno moja."

Kisha akamgeukia yule mwanamume.

"Sakiusa, Ijumaa ukirudi nyumbani, nikuwekee chakula, au utakuwa umeshiba huko?"