Amri Zenye Jina la Gisiri

Mellen alifuta jina la Gisiri mara mia mbili na kumi na nne kabla chai yake haijapoa.

Hata kuliandika kwenye kisanduku cha kutafutia hakutaka. Alilinakili kutoka kwenye faili, akalibandika, akabonyeza, basi. Palipokuwa na amri ya \GisiriWeka sasa pakasomeka \SifaWeka. \GisiriToa ikawa \SifaToa. \GisiriRudisha ikawa \SifaRudisha. Akapandisha toleo jipya mtandaoni, akafunga ofisi yake ya pale Migori, akaenda sokoni kununua sukuma wiki.

Kufikia jioni simu yake ilikuwa na moto kama pasi ya makaa.

Kifurushi hicho cha amri za kompyuta alikiandika mwenyewe, kwa miaka minne. Ndicho wachapaji wa kuanzia Isebania mpaka Homa Bay wanachotumia kupanga vitabu vya nyimbo na programu za mazishi. Kinabandika sifa kwenye neno, ili kompyuta ijue hili lipakwe rangi, hili lisikatwe mwisho wa mstari. Ufundi wa kupanga herufi alifunzwa na Mzee Gisiri, mpiga chapa mstaafu wa Isebania, na kwa shukrani akazipa amri zote za sifa jina la mzee. Mwaka jana akifundisha wateja alikuwa akilipaza jina hilo hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakadhani amepotelewa na mbuzi.

Sasa limefutwa, bila hata samahani.

"Madam ameota pembe," Levis aliandika kwenye kundi la wachapaji.

Levis alikuwa na mashine kubwa ya uchapaji Homa Bay, na mdomo mkubwa kuliko mashine. Akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: Mellen arudishe amri za zamani, la sivyo anyang'anywe funguo za kukibadilisha kifurushi, apewe mtu mwenye adabu. Huyo mwenye adabu, kila mmoja alijua, ni Levis.

Mellen alikwenda. Alifunga kitambaa kipya kichwani, akakaa kiti cha mbele kabisa.

"Faili zangu mia sita zimegoma," Levis akaanza. "Lakini hizo tutarekebisha. Mimi nauliza roho yako, Madam. Huyu mzee amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Ulimuuliza kabla ya kumfuta?"

"Sikumuuliza."

"Yawa!" Ukumbi ukavuma.

"Amri mpya zinafanya kazi ileile," Mellen akasema. "Sababu ninayo. Lakini siielezi kwa mtu anayenifokea. Ni nani kati yenu alinipigia akaniuliza kwa upole? Kifurushi nimeandika mimi, kwa mgongo wangu na macho yangu. Hamkunishikia hata panya ya kompyuta."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza haraka.

Levis akalegeza sauti, kama daktari mwenye sindano. "Basi tufanye hivi. Simama hapo. Taja jina la mwalimu wako, mara moja tu, useme asante. Mkutano unaisha, unabaki na funguo zako."

Ilikuwa bei rahisi sana. Hata Fardowsa, mwenye duka la vitabu Migori, ambaye ndiye pekee aliyekuwa upande wake, alimvuta mkono.

"Dada, sema tu. Neno moja, twende nyumbani."

"Sisemi."

"Mellen!"

"Wachukue. Nitaandika kingine, tena kizuri kuliko hicho. Lakini jina hilo hawatalitoa kinywani mwangu hata wakinifunga kamba."

"Mmesikia wenyewe," Levis akasema. "Wanaotaka anyang'anywe, mikono juu."

Mikono ikapanda, mingine kwa hasira, mingine kwa sababu ya jirani kupandisha. Mellen aliitazama mmoja mmoja bila kupepesa, mpaka wengine wakaanza kukunjua vidole kama wanaonyoosha viungo tu.

"Kabla sijahesabu," Levis akasema, uso uking'aa, "nimemleta mwenyewe. Nimetuma gari mpaka Isebania. Na aone kwa macho yake."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee Gisiri akaingia na fimbo yake, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi.

Watu wote wakainuka kumpa mkono. Mellen naye akainuka. Akashusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, akampa mzee mgongo, akatoka kwa mlango wa nyuma bila hata salamu.

"Mmeona?" Levis nusura acheze. "Mzee, umeona dharau hiyo?"

Mzee Gisiri alikuwa ameukazia macho ukuta mpaka aliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Ndipo akavuta kiti, akakaa.

"Desemba nilipeleka ng'ombe kumi na tano kwao," akasema. "Sasa nyinyi mnataka mke wa kijana wangu avunje mwiko, asimame mbele ya wanaume akimtaja baba mkwe kwa jina?"